Imani ya Kila Siku: Mafundisho ya Shamba, Zizi na Nyumba

Mhadhara uliotolewa mbele ya wazazi, wakulima na wafugaji wa Ngaremara, Isiolo

Natanguliza shukrani kwa wenyeji wa Ngaremara, walionipa fursa hii ya kusema nao, na waliokubali kuacha mifugo na mashamba yao mikononi mwa wengine mchana huu. Naijua thamani ya jambo hilo, kwa kuwa kazi ya mfugaji haiahirishiki, na aliyeketi hapa kunisikiliza yuko mwenziwe anayetembea juani kwa ajili yake.

Lengo langu ni moja. Nataka kuonyesha ya kwamba imani ya Kikristo hulelewa nyumbani, siku kwa siku, kwa kazi ndogo ndogo zinazorudiwa pasipo kuchoka; na ya kwamba watu wa nchi kame kama hii, ambao umri wao wote ni kulea viumbe visivyoweza kujilea, wanayo ilimu ya kazi hiyo tayari, wala hawana haja ya kuingojea kutoka Nairobi au Roma. Kosa letu ni kwamba tumeitenga ilimu hiyo na kanisa. Mtu hodari wa mifugo, anayemjua kila mbuzi wake kwa sura na kwa sauti, hudhani kwamba ujuzi huo unakoma penye mlango wa kanisa, na kwamba ndani ya mlango ule hana analolijua ila kuketi na kufundishwa.

Kabla ya kuingia katika hoja, na tukumbuke mahali tulipo, maana mhadhara huu ungetolewa Nyeri au Mombasa ungekuwa mwingine. Ngaremara iko kaskazini ya mji wa Isiolo, kando ya barabara kuu iendayo Archers Post, Marsabit na Moyale, katika bonde la Ewaso Ng'iro, mto uletao maji ya Mlima Kenya na ya milima ya Aberdare hadi katika kinamasi cha Lorian. Wakazi wake wengi ni Waturkana, watu wa ng'ombe, mbuzi, kondoo, ngamia na punda, na majirani zao ni Wasamburu, Waborana, Wameru na Wasomali. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, ya masika kati ya Machi na Mei na ya vuli kati ya Oktoba na Desemba, nayo ni haba hata inaponyesha. Wengi wenu mlizaliwa katika ufugaji mtupu, na leo mna vishamba vya mahindi, kunde, ndengu au mboga. Na wala si ugeni, kwani akina mama wa Kiturkana walikuwa wakipanda mtama kandokando ya mito ya Turkwel na Kerio tangu zamani.

1. Uhai hauwekwi akiba

Hoja yangu ya kwanza ni kwamba kilicho hai hulishwa kila siku. Mnyama aliyenyweshwa vizuri juma lililopita hana faida ya maji yale leo akiwa na kiu, na mche wa nyanya uliomwagiliwa mara moja kwa wingi, kisha ukaachwa, hufa kama ule usiomwagiliwa kabisa. Wana wa Israeli walifundishwa hivyo jangwani, kama tusomavyo katika Kutoka sura ya 16: mana iliokotwa asubuhi kwa asubuhi, na aliyejaribu kuiweka hadi kesho aliikuta imeingia mabuu na kunuka. Bwana wetu naye alipowafundisha wanafunzi wake kusali aliwaelekeza kuomba riziki ya siku.

Ilhali sisi twataka kuishi siku saba kwa Jumapili moja. Na hapa kwetu hata Jumapili hiyo haina hakika, maana padri mmoja hutumikia vigango vingi vilivyo mbali, na mwezi waweza kupita kigango kisiadhimishe Misa. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa umoja wao, AMECEA, wa mwaka 1976, waliziweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo mbele ya mipango yao ya uchungaji, wakijua kwamba Kanisa lisilo na mizizi penye majirani wanaojuana litabaki jengo tu. Na mwaka 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake Familiaris Consortio, aliirudia fikira ya tangu kale kwamba familia ni kanisa la nyumbani. Maneno haya yamehubiriwa mara nyingi. Lakini niulize, ndugu zangu, bila kumtaja mtu: ni nyumba ngapi katika manyata zetu ambamo jana jioni ilisaliwa sala, hata ya dakika tatu?

Nasema dakika tatu kwa makusudi. Wapo wanaoshindwa kwa sababu wameanza na sala ndefu, rozari nzima na nyimbo sita na mahubiri ya baba, na siku ya nne watoto wamelala na mama hana nguvu. Mwenye kuchota maji kwa ndoo ndogo kila siku atalivuna shamba lake. Ishara ya msalaba, mistari michache ya Injili, jina la mgonjwa mmoja wa jirani, Baba Yetu, basi. Nyumba iliyodumu katika kidogo hiki mwaka mzima imesali kuliko iliyosali saa mbili usiku wa Krismasi.

2. Ardhi hutayarishwa kabla ya mvua

Mkulima wa hapa hangoji mvua ndipo atafute jembe. Msimu wetu ni mfupi. Mahindi ya Katumani, yaliyotafutwa na watafiti kule Machakos kwa ajili ya nchi zenye mvua chache, hukomaa kwa miezi mitatu hivi, na ndengu kwa miwili na siku chache; basi aliyepoteza majuma mawili ya kwanza akifyeka amepoteza mavuno, hata mvua ikiwa nzuri. Kadhalika siku ya msiba haimngoji mtu ajifunze kusali. Baba anayemkumbuka mwanawe siku aliyokamatwa, akaanza kumhubiria mbele ya mlango wa kituo cha polisi, anapalilia shamba asilolipanda.

Katika fasili hii nataka kutaja habari ya mkulima mmoja wa Zimbabwe, Brian Oldreive, ambaye katika miaka ya 1980 alikuwa Mkristo mwenye shamba lililokuwa likimletea hasara. Aliutazama msitu, akaona kwamba hapana aulimaye wala augeuzaye udongo wake, na kwamba majani yaangukayo huufunika daima, nao unastawi. Akaacha plau, akachimba vishimo vya kupandia kwa kipimo, akayaacha mabua na majani juu ya ardhi kama msitu ufanyavyo, na mazao yake yakaongezeka. Njia hiyo imeenea katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwamo, na aghalabu hufundishwa makanisani pamoja na Neno la Mungu, kwani Oldreive mwenyewe aliamini kuwa ameipokea kwa kuomba.

Najua mtaniambia kwamba hapa Ngaremara mabua ni chakula cha mbuzi, na kwamba anayeyaacha shambani amewaandalia mbuzi wa jirani karamu. Ni kweli, na kwa hiyo njia hii yahitaji ua wa matawi ya miiba na mapatano ya wazee. Lakini hoja yake ya msingi haiondoki: udongo uliofunikwa hutunza maji, na udongo ulio uchi huyarudisha yote kwa jua kwa siku chache. Nyumba nayo ina kifuniko chake, nacho ni adabu ya wazazi wao kwa wao. Mtoto akisikia Jumapili habari za upendo, kisha Jumatatu akamwona baba akimtukana mama mbele yake, mahubiri yale yamekauka kabla ya Jumanne. Hakuna katekista, awe na ilimu gani, awezaye kumwagilia nyumba iliyo uchi namna hiyo.

3. Mtoto hupewa mifugo kwa kadiri ya umri wake

Hii ndiyo hoja niliyoijia hasa, na mtaniwia radhi nikikaa hapa kuliko penginepo.

Tazameni jinsi mnavyowafundisha watoto uchungaji. Mtoto mdogo hupewa vitoto vya mbuzi na kondoo, navyo huchungwa karibu na boma, mahali mama anapoweza kumwona. Akikua hupewa mbuzi na kondoo wakubwa, akafuatana na kaka yake. Baadaye ng'ombe, baadaye ngamia na malisho ya mbali ambako atalala nje na kuamua mwenyewe. Hakuna mzazi mwenye akili amkabidhiye ng'ombe mtoto wa miaka mitano. Wala hakuna angojaye kijana afike miaka ishirini ndipo amwonyeshe malisho kwa mara ya kwanza. Na katika daraja zote hizo mtoto hupewa kazi ya kweli: yule mwana-mbuzi akipotea amepotea kweli, na nyumba nzima itamtafuta usiku.

Sasa linganisheni na tufanyavyo katika imani. Ama twamtwika mtoto maswali na majibu ya kukariri ambayo hata sisi hatuyaelewi, tukamwadhibu akisahau. Ama twamwacha kabisa, tukisema atafundishwa atakapofika darasa la kipaimara, kana kwamba moyo wake utabaki mtupu ukitungoja. Kwa nini tusifuate daraja zile zile? Mtoto wa miaka minne aweza kutaja jioni jambo moja la kumshukuru Mungu, na amali hiyo ni yake, asifanyiwe na mwingine. Wa miaka minane asome mistari ya Injili, na akikwama asaidiwe bila kuchekwa. Wa miaka kumi na miwili apewe mjane mmoja wa jirani wa kumpelekea maji au kuni, ajue kwamba asipokwenda mama yule atakosa. Kijana wa miaka kumi na sita aongoze sala siku baba hayupo. Kwa njia hii imani itamjia kama uchungaji ulivyomjia, kwa miguu na mikono, na hataweza kusema ni siku gani alipoanza kuamini.

Kisha kumbukeni ile saa ya jioni mifugo inaporudi. Mfugaji husimama penye mlango wa zizi akiwatazama wakiingia, na bila kuhesabu hujua kwamba yule mwekundu mwenye pembe moja hayumo. Je, twasimama penye mlango wa nyumba zetu namna hiyo? Mtoto arudipo shuleni uso wake umebadilika, amepigwa, au ameaibishwa, au amepewa kitu asichostahili kupewa na mtu mzima mwenye nia mbaya. Mzazi mwenye macho ya mfugaji angeliona jambo hilo kabla chakula hakijaiva. Sala ya jioni ni wasaa wa kuulizana: leo umekutana na nini? Nami naamini maombi yaliyotanguliwa na swali hilo humfikia Mungu yakiwa na uzito zaidi, maana yamebeba habari za kweli.

Mtume Paulo, katika waraka wa pili kwa Timotheo, anaitaja imani iliyokaa kwanza katika Loisi, bibi yake Timotheo, na katika Eunike, mama yake. Namshukuru Mungu kwa akina Loisi na Eunike wa Ngaremara, ambao makanisa haya yamesimama juu ya mabega yao. Lakini na wao wamechoka, na haki yao ni kusaidiwa. Akina baba, niruhusuni niseme nanyi kwa unyenyekevu. Katika awi, boma la Kiturkana, ni baba anayeamua lini kuhama na wapi kupeleka mifugo, na ni wazee wanaotoa dua kwa Akuj, yaani Mungu, kwa ajili ya mvua na amani. Kwa jadi yenu basi mambo ya Mungu yalikuwa amana ya wanaume. Ni lini tulipowaachia wanawake na watoto?

Nabii Yeremia, katika sura ya 35, anasimulia habari za jamaa iliyoishi kama mababu zenu, nayo ni nyumba ya Warekabi. Baba yao Yonadabu aliwaamuru wasinywe divai, wasijenge nyumba, wasipande mbegu, wakae katika hema siku zote. Majeshi ya Babeli yalipowakimbiza wakaingia Yerusalemu, na Yeremia akawaleta hekaluni, akawawekea vikombe vya divai. Wakakataa. Zaidi ya miaka mia mbili ilikuwa imepita tangu Yonadabu, aliyeishi zama za mfalme Yehu, na wajukuu wa wajukuu bado walilishika neno lake, hata Mungu akawafanya kuwa mfano mbele ya Yuda yote. Mtu asiseme nimewakataza kulima, kwani Yeremia hakuwataka watu wa Yuda waache mashamba yao. Aliwataka waone jinsi neno la baba lililosemwa hemani, kizazi kwa kizazi, lilivyodumu kuliko neno la Mungu lililotangazwa hekaluni kwa watu wasiolirudia nyumbani.

4. Fungu la ndama

Hili nitalisema kwa ufupi. Akamuaye ng'ombe katika nchi hii hamalizi maziwa yote; humwachia ndama fungu lake, hata nyumbani kukiwa na njaa, maana ajua kwamba kumnyima ndama leo ni kukosa ng'ombe kesho. Torati nayo, katika Walawi sura ya 19, ilimwamuru mkulima asivune pembe za shamba lake, awaachie maskini na mgeni. Fungu hilo la mwingine lazima liwe katika sala zetu na katika vyungu vyetu, na mwingine huyo si wa kabila letu peke yake. Tumezika watu wengi kwa sababu ya wizi wa mifugo na ugomvi wa malisho, na Isiolo yote yakumbuka jinsi askofu Luigi Locati, kiongozi wa kwanza wa Vikarieti yetu iliyoanzishwa mwaka 1995, alivyouawa kwa risasi mjini mwezi wa Julai mwaka 2005. Vikarieti ile imekuwa Jimbo mwaka 2023, na jimbo lililozaliwa katika damu namna hiyo lina deni la amani. Nyumba iombayo ulinzi wa ng'ombe wake na kuwalaani wa jirani bado haijasali sala ya Kikristo. Watoto huyasikia yote mawili.

5. Kiangazi

Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilipotea mfululizo. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa 2020, nzige walikuwa wamepita katika Isiolo yetu. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa katika Kenya, na ninyi mliokokota mizoga kwa mikono yenu hamhitaji kuelezwa maana ya hesabu hiyo. Kisha vuli ya 2023 ikaja mvua ya gharika, ikachukua hata kilichobaki. Walitokea wakati ule watu waliowaambia wenye msiba kwamba ukame ni adhabu ya imani haba, na kwamba sadaka kubwa ingefungua mbingu. Nayakataa mafundisho hayo kwa nguvu zangu zote. Yamemwongezea mfiwa mzigo, na yamemsingizia Mungu.

Maandiko yananena vingine. Isaka, katika Mwanzo sura ya 26, alipanda mbegu kule Gerari mwaka wa njaa. Visima vya baba yake Ibrahimu Wafilisti walikuwa wamevifukia; akavifukua, akaviita kwa majina yale yale aliyoyatumia baba yake. Alipogombaniwa kisima kimoja alichimba kingine, na alipogombaniwa hicho akachimba cha tatu, hadi akapata nafasi. Nanyi hufanya vivyo hivyo katika mchanga wa mto uliokauka: kiangazi kikizidi mwachimba pale pale, kina kikiongezeka, wala hamsemi maji hayako. Katika kiangazi cha nyumba, yaani njaa, maradhi, kifo cha mtoto, kitu cha kwanza tunachokiacha aghalabu ni ile sala ya jioni, ilhali mfugaji mwenye busara humlinda jike wa mwisho kuliko wote, kwa kuwa kundi jipya litatoka kwake. Tena mfugaji haweki mifugo yake yote katika zizi moja. Mifugo yake mingine iko kwa rafiki, upande mwingine wa nchi, ili janga likija wasife wote. Asiyeweza kusali kwa uchungu alio nao, na awe na jirani wa kumsalia. Hiyo ndiyo kazi ya jumuiya, na jumuiya isiyomtembelea mfiwa baada ya siku ya mazishi haijaifanya.

Na wewe mzazi ambaye mwanao ameiacha imani, yuko mjini na hujui anakolala, shika mfano wa mtini katika Luka sura ya 13. Mwenye shamba alitaka kuukata. Mtunzaji akamwombea mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia samadi. Samadi hamkukosa hapa. Mpigie simu, usimhubirie, umwulize amekula nini.

Mabibi na mabwana, nimemaliza hoja zangu, na sasa nina maombi. Masika na vuli zitakuja na kupita. Nawasihi makatekista, kabla ya mvua za vuli zijazo, mpite nyumba kwa nyumba katika vigango vyenu, mkaulize kila familia imechagua saa gani ya sala, na mkutane tena baada ya mavuno mwambiane mliyoyaona, yaliyostawi na yaliyokauka. Nawasihi wachungaji wa madhehebu mbalimbali msaidiane katika kazi hii, maana watoto wetu huchunga pamoja. Nawasihi walimu mwape wazazi wasiojua kusoma watoto wao kuwa wasomaji wa Injili nyumbani, na wazazi msione haya kusomewa. Na wewe baba uliyeketi nyuma, uliyekuja kwa sababu mkeo alikuomba, leo jioni mifugo ikishaingia zizini, usimtume mama wa watoto aanzishe sala, ianzishe wewe.